Tembo Nao Huchimba Visima

Mama yangu ni mzaliwa wa Mlowa Barabarani, njia ya Dodoma kwenda Iringa, na katika miaka yake sabini na ushee hakuwahi kulipia kitanda. Akisafiri hulala kwa ndugu. Pasipo na ndugu, hasafiri. Nilipomwambia nataka twende tukalale siku tatu kwenye loji iliyo ukingoni mwa Mto Ruaha Mkuu, ng'ambo yake ikiwa ni Hifadhi ya Taifa Ruaha, hakuuliza habari za bei wala za simba. Aliuliza, "Huko maji yapo?"

Swali hilo ni la Mgogo, na kila anayeishi Dodoma analielewa. Mvua yetu huanza Desemba na kukatika Aprili, na kwa mwaka mzima haizidi sana milimita 600. Miezi saba iliyobaki tunaangalia mawingu yakipita kwenda kwa wenzetu. Jiji linategemea visima virefu vya Mzakwe, bonde la Makutupora, na tangu Serikali ilipotangaza mwaka 2016 kwamba sasa inahamia huku kweli, wanywaji wameongezeka sana. Mtaani kwetu maji hutoka kwa zamu. Yakitoka saa nane usiku unasikia milango inafunguliwa, ndoo zinagongana, mtu anamgongea jirani dirisha: "Yametoka!"

Nikamjibu, "Mama, ni mto. Tena mto mkubwa." Nilijibu kwa uhakika, maana kwenye ramani Ruaha Mkuu umechorwa kwa mstari wa bluu usiokatika mahali popote.

Tuliondoka alfajiri moja ya Oktoba kwa gari la shemeji yangu. Hadi Iringa ni takriban kilomita 260 za lami, na katikati ya safari ndipo ilipo Mtera. Tulisimama. Wauza samaki walitujia na perege waliokaushwa, Mama akanunua mafungu mawili baada ya kubishana bei kwa muda mrefu, kisha akageuka kuliangalia bwawa. Miti iliyokufa zamani bado imesimama ndani ya maji, myeupe, kama nguzo za nyumba iliyoezuliwa. Nikamweleza kwamba haya ndiyo maji ya mto tunakokwenda. Yanazungusha mitambo ya megawati 80 hapohapo Mtera, kisha yanaachiliwa kwenda Kidatu kuzungusha mingine ya megawati 204, halafu Ruaha unaingia Rufiji, lilipo bwawa jipya la Julius Nyerere.

"Kwa hiyo taa zangu zinatoka humu?"

Nikamwambia kwa sehemu, ndiyo, kwa kuwa umeme wote huingia kwenye gridi moja. Akakumbuka mgawo wa mwaka 2006, nyama aliyoimwaga kwa sababu friji lilikaa siku nzima bila umeme. Tukaendelea.

Iringa tulijaza mafuta tukanunua mkate. Kalenga, lilikorudishwa fuvu la Mtwa Mkwawa mwaka 1954, tuliipita bila kusimama. Mama alitaka tufike kabla ya giza. Baada ya hapo ni vumbi, Idodi, Tungamalenga, mibuyu, na vumbi tena.

Loji yenyewe ina vibanda vinane tu, na sitaitaja jina kwa kuwa sikwenda kuitangaza. Imejengwa kwenye ardhi ya vijiji, eneo la jumuiya ya hifadhi ya wanyamapori iitwayo MBOMIPA, yaani Matumizi Bora ya Malihai Idodi na Pawaga. Jina hilo nalipenda. Linasema kazi yake yote kwa Kiswahili kinachoeleweka: malihai zipo, zitumike, zitumike vizuri. Mwenye loji analipa ili awe pale, na sehemu ya malipo inatakiwa kurudi vijijini.

Kijana wa mapokezi alitusalimia kwa Kihehe, "Kamwene," Mama akaitikia kwa Kigogo, "Mbukwenyi," kila mmoja akaridhika. Akatupeleka kwenye kibanda. Kabla ya kuingia Mama aliweka kiganja ukutani, akaugonga mara mbili kwa vidole. Ukuta ni wa udongo uliokandwa na nyasi zilizokatwakatwa, unene wake dhiraa moja hivi, umesiribwa vizuri. "Hii ni tembe," alisema. Ni kweli, isipokuwa paa. Tembe yetu ya Kigogo ina paa bapa la udongo, la huku ni la nyasi. Jua lilikuwa karibu kuzama na joto nje bado lilikuwa linachoma uso, na ndani tulikuta ubaridi uleule ninaoukumbuka kwenye nyumba ya babu, ambayo sisi wajukuu tulikuwa wa kwanza kuiona ya kishamba, tukahimiza ibomolewe, tukajenga ya bati na matofali ya saruji. Leo ndani ya nyumba ile ya bati huwezi kukaa mchana bila feni.

Kisha kijana akatuonyesha bafu. Ndoo ya lita ishirini imening'inizwa kwa kamba na kapi, chini yake pana bomba la kuogea lenye kifunguo. Unasema saa unayotaka kuoga, wanakuletea maji yaliyopashwa moto kwa jua. Ndoo moja kwa mtu mmoja kwa siku. Maji ya kuogea hupita kwenye shimo la kokoto na mchanga, yakaishia kwenye migomba na mipapai nyuma ya jiko. Alieleza yote haya kwa upole wa mtu aliyezoea kuona nyuso za wageni zikibadilika.

Na wangu ulibadilika, nakiri. Nilikuwa nimeweka akiba miezi minne. Moyoni nilijiambia kwamba nimetoka Dodoma kwenye ndoo nimekuja kulipia ndoo.

Mama aliiangalia ile ndoo akauliza, bila mzaha hata kidogo, "Yote hii ya mtu mmoja?" Alioga, akafua kanga yake, na alipomaliza maji yalikuwa bado nusu. Akaniita: "Mwanangu, hayo mengine oga wewe, wasihangaike kuleta ya pili."

Mto hatukuuona siku hiyo, tulipomaliza kuoga giza lilikuwa limeingia. Tulilala tukisubiri kusikia maji yakipita, hatukusikia. Tulisikia viboko, mbali, na fisi, na usiku wa manane kitu kizito kikitembea taratibu karibu na kibanda, kikivunja vijiti. Mama alisema kwa sauti ya chini, "Huyo ana shughuli zake," akageukia ukuta akalala.

Asubuhi tulitoka kibarazani na chai mkononi, na mbele yetu kulikuwa na uwanja wa mchanga.

Sijui niueleze vipi. Upana wake ni wa mto mkubwa kweli, kingo zake ni za mto mkubwa, miamba imelainishwa na maji mengi ya miaka mingi. Maji hayakuwepo. Kushoto, mbali kidogo, palikuwa na dimbwi moja la rangi ya chai ya maziwa, viboko wamebanana humo mgongo kwa mgongo, na mamba wamelala pembeni vinywa wazi. Ruaha Mkuu ulikuwa umesimama.

Mama hakusema neno. Nilijua anakumbuka nilivyomjibu.

Kisha wakaja tembo. Kumi na moja, majike na watoto, wakashuka ukingo wa ng'ambo kwa mstari, aliyetangulia akiwa jike mkubwa mwenye masikio yaliyochanika. Hawakuelekea kwenye dimbwi. Walitembea mchangani hadi karibu na kona ya mto, pale ukingo ulipoliwa na maji ya masika, na yule jike akasimama. Akanusa chini kwa mkonga, akasogea hatua mbili, akanusa tena. Akaanza kupiga mchanga kwa mguu wa mbele, anaukokota nyuma, anapiga tena. Shimo lilipopata kina akaingiza mkonga, akatoa mchanga wenye unyevu akautupa pembeni. Maji ya kwanza yalipotokea hakuyanywa. Aliyavuta akayamwaga nje, akasubiri. Akayavuta tena akayamwaga. Mara ya tatu, au ya nne, akapeleka mkonga mdomoni.

Mama aliweka kikombe chini. "Anasubiri yatulie," alisema. "Yule anajua. Anasubiri yatulie ndiyo anywe."

Nimemfahamu Mama maisha yangu yote, na habari ya visima vya korongoni niliwahi kuisikia kijuujuu tu, kama watoto wanavyosikia habari za wazazi wao. Asubuhi ile alinieleza yote. Kiangazi korongo la kwao likikauka, wanawake walishuka kabla ya jogoo. Anayejua hapigi popote. Anatafuta kona, mahali penye mwamba chini au penye nyasi zilizobaki kijani bila sababu. Wanachimba kwa bakuli, kwa kipande cha sufuria, kwa mikono. Mwezi wa nane maji yapo usawa wa goti, mwezi wa kumi unaingia shimoni mpaka kichwa hakionekani. Maji ya kwanza ni tope, unayatoa, unakaa. Yanajaa polepole. Unachota kwa kata, kata moja, unakaa tena. Ndoo moja yaweza kukutoa alfajiri mpaka jua liwe kali. Kisima huzungushiwa miiba ili ng'ombe wasitumbukie, na cha mwenzio huchoti bila kuomba. Yaliyo chini ya mchanga ni masafi kuliko ya dimbwi, kwa kuwa mchanga umeyachuja na jua haliyafikii.

Ndiyo maana tembo wale waliliacha dimbwi. Lilikuwa limejaa mavi ya viboko.

Baada ya saa moja hivi waliondoka, na hapo ndipo zamu ya wengine ilipoanza. Nyani walikuja kwanza. Wakaja swala pala, wakiinua vichwa kila mara. Kanga wakaja kundi zima. Shimo lililochimbwa na mmoja lilinywesha watu wengi, nasema watu kwa sababu ndivyo Mama alivyosema.

Mwongoza watalii wetu, kijana wa Idodi, alituambia kwamba kundi lile huja kona ileile kila kiangazi, na kwamba anayelijua eneo ni jike mkongwe. Nimeifikiria kauli hiyo mara nyingi tangu nirudi. Kati ya mwaka 2009 na 2014 Tanzania ilishuka kutoka tembo 109,051 hadi 43,330, na eneo hili la Ruaha na Rungwa lilikuwa miongoni mwa yaliyoumizwa vibaya. Jangili anafuata pembe ndefu, na pembe ndefu anazo mzee. Kwa hiyo kila mkongwe aliyepigwa risasi aliondoka na ramani ya visima ambayo wajukuu hawajamaliza kujifunza.

Mto wenyewe ulianza kukatika kiangazi mwaka 1993. Kabla ya hapo wazee wa Idodi wanaukumbuka ukipungua, lakini ukitembea mwaka mzima. Chanzo kiko mbali na hifadhi. Maji ya Ruaha Mkuu yanashuka kutoka milima ya Mbeya na Njombe, yanaingia tambarare ya Usangu, yanakusanyika kwenye kinamasi cha Ihefu. Mwisho wa Ihefu, mahali paitwapo Ng'iriama, kuna kizingiti cha mwamba. Kinamasi kikijaa, maji yanavuka kizingiti na mto unaendelea. Kikipungua hata kidogo chini ya mwamba ule, hakuna tone linalovuka, na huku chini kila kitu kinasimama. Ni kama mtungi uliotobolewa karibu na mdomo.

Na maji ya kujaza Ihefu yanaishia kwenye mpunga. Mashamba makubwa na madogo ya Mbarali, hukohuko Usangu, yameongezeka miaka yote hii, na mifereji yao inachukua maji hata kiangazi. Mchele wa huko nauona kila wiki sokoni Majengo; ni mzuri, unanukia, nimeulia pilau kwenye harusi za ndugu zangu wote. Siwezi kusimama kwenye kibaraza cha loji na kumlaumu mkulima wa Mbarali wakati sahani yangu inamwita alime zaidi. Mwaka 2006 wafugaji wengi waliondolewa Usangu na Ihefu na ng'ombe wao, familia zikahangaika mikoa mingi, na mwaka 2008 eneo kubwa la Usangu likaunganishwa na hifadhi. Mto haukurudi kutembea mwaka mzima. Naona uchungu wa watu wale ulikuwa mkubwa na matunda yake madogo.

Usiku wa pili tulizungumza haya jikoni, na mwenye jibu bora alikuwa Mama. Lakini kwanza nieleze tulifikaje jikoni.

Chakula cha loji kilikuwa cha wageni: supu ya malenge, kuku wa kuchoma, tambi. Mama alikula kwa heshima. Siku ya pili mchana alitoa kwenye mkoba wake fungu la kitambaa, ndani yake mlenda mkavu uliotwangwa, na wale perege wa Mtera, akaenda jikoni mwenyewe. Nilimfuata nikidhani nitaombea radhi. Nikamkuta amekaa kwenye kigoda, na mpishi, mama wa makamo kutoka Tungamalenga, anamtafutia magadi. Walipika pamoja. Ugali ulikuwa wa mahindi kwa kuwa mtama haukuwepo, na Mama alilitamka jambo hilo mara moja tu. Mlenda uliiva ukavutika, karanga zikaongezwa, na wafanyakazi wote wa loji wakaja kula kwa zamu. Mwanamke mmoja mgeni kutoka Ujerumani alionja, akaomba tena.

Jikoni ndiko nilikosikia upande mwingine wa tembo. Mpishi alikuwa na ekari moja na nusu ya mahindi. Tembo waliingia usiku mmoja mwezi wa tano, wakati punje zimekomaa, na asubuhi alikuta amebakiwa na mistari michache pembeni. Majirani zake wamezungusha kamba zilizopakwa mafuta machafu na pilipili kali, wengine wametundika mizinga ya nyuki, maana tembo humuogopa nyuki. Vinasaidia, alisema, ukivitunza. Mvua ikiosha pilipili usipopaka tena, wanaingia. Mshahara wa loji ndio uliomlisha na watoto mwaka ule. "Tembo walinila shamba," alisema, "na tembo haohao ndio wanaoleta wageni wanaonilipa. Nifanyeje, bibi? Siwezi kuwachukia, wala siwezi kuwapenda usiku."

Hapo mwongoza watalii akaleta habari ya mto na mifereji. Akasema kiangazi mifereji mingi ya Usangu hubaki wazi hata penye mashamba yasiyo na mpunga, kwa kuwa watu wa vijiji vile hunywa na kufulia maji hayohayo ya mfereji. Maji mengi yanapotea njiani, juani na ardhini, ili kaya zipate ndoo chache.

Mama alikuwa anakwangua sufuria. "Sasa si wachimbiwe visima?" aliuliza. "Wachimbiwe visima vyao vya kunywa, kisha mifereji ifungwe mpaka msimu. Mtu hawezi kufunga mfereji ikiwa ndio mtungi wake."

Nimewasikia wataalamu wakieleza jambo hilohilo kwa saa nzima na michoro ukutani.

Lipo jambo moja la loji lililonikera. Kila siku tulikuta chumbani chupa mbili za plastiki za maji ya kunywa. Mifuko ya plastiki tuliipiga marufuku nchi nzima tangu tarehe 1 Juni 2019, na mahali panapopima maji ya kuoga kwa ndoo pasingeshindwa kuweka mtungi wa udongo na kikombe. Nilimwambia meneja. Alisema chupa zote hurudishwa Iringa kuuzwa kwa wanaokusanya, na kwamba wageni wengi huogopa maji ya kisima. Nikamwambia wageni hao hao wanaoga ndoo bila kunung'unika wakishaelezwa sababu. Aliandika kwenye daftari. Mengine yote nayakubali: sola juu ya mapaa, taa hafifu zisizofukuza wanyama, kuta za udongo, wafanyakazi wa vijiji vya jirani. Nimelala kwenye hoteli za bei mara tatu zenye bustani ya majani mabichi Dodoma mwezi wa kumi, na sasa siwezi kuyaangalia yale majani bila kuhesabu ndoo.

Asubuhi ya mwisho Mama aliomba kushuka mtoni. Askari wa wanyamapori alisita, akaangalia juu na chini ya mto, akachukua bunduki yake. Tulikwenda watatu, polepole, hadi kwenye shimo la yule jike. Lilikuwa na kina cha mkono mzima na ushee, na chini maji masafi kabisa yametulia, yanaonyesha mbingu. Mama alichuchumaa. Hakuchota. Alipitisha vidole kwenye ukuta wa shimo, akauminya ule mchanga.

"Amechimba pazuri," alimwambia askari. "Hapa mtafika mwezi wa kumi na mbili."

"Inshallah, bibi."

Tukarudi Dodoma. Mtera hatukusimama.

Wiki ya tatu ya Novemba, saa nane na nusu usiku, simu iliita. Nilijua maji yametoka mtaani kwake na anataka kunikumbusha nijaze. Nyuma yake nilisikia ndoo ikijaa. Lakini alichouliza ni kingine.

"Mwanangu, huko Mbeya mvua imeshanyesha?"

Nikamwambia sijui, nitauliza. Asubuhi nilimpigia kijana wa mapokezi. Alisema mawingu yanaonekana upande wa Usangu kila jioni, mto bado haujatembea, na jana yake yule jike alikuja na kundi lake, akaingia kwenye shimo lilelile akaongeza kina. Nikampigia Mama nikamweleza hivyo hivyo. Alinyamaza kidogo.

"Ukitembea," alisema, "nipigie hata kama ni usiku."